SOMO LA ROBO HII: KUGAWANA MALI KWA HAKI NDOA INAPOVUNJIKA



Katika ukurasa huu wa mafunzo tumezoea kuzungumza habari za maji, mifugo, kuweka akiba na kukopa. Safari hii tunagusa jambo ambalo wengi hatupendi kulisikia kanisani, nalo ni mgawanyo wa mali pale ndoa inapovunjika. Kanisa letu linafundisha kwamba ndoa ni agano la kudumu, na somo hili halibadilishi fundisho hilo. Kazi ya kwanza ya mchungaji na wazee wa kanisa ni kupatanisha. Hata hivyo, kila mwanakamati anajua kwamba zipo ndoa zinazovunjika katikati yetu. Siku hiyo inapofika watu huuliza: Nani atabaki na nyumba? Ng'ombe wa mradi ni wa nani? Nani atalipa deni la SACCOS? Na watoto watalala wapi?

Maswali haya yanaihusu miradi yetu moja kwa moja. Mtamba anayetolewa kwa familia, tanki la maji linalojengwa nyuma ya nyumba, na mkopo wa mbegu, vyote huingia katika mali ya nyumba ile. Kama nyumba hiyo ikivunjika na mmoja akaondoka mikono mitupu, basi kazi ya miaka mingi imepotea, na mara nyingi wanaopoteza zaidi ni mama na watoto ambao mradi ulianzishwa kwa ajili yao.

Wapo wanaoogopa kwamba kufundisha mambo haya ni kuifungulia talaka mlango. Hofu hiyo inaeleweka, lakini tuitazame upande wa pili. Mume anayejua kwamba hawezi kumtoa mkewe na kanga moja na kubaki na kila kitu, atafikiri mara mbili kabla ya kumfukuza. Mke naye anayejua kwamba mali hugawanywa kwa kupima mchango na ushahidi, hataondoka kwa hasira akidhani kila kitu kitamfuata. Haki ikijulikana, hasira hupungua. Dhuluma hustawi mahali ambapo watu hawajui.

NENO LA MSINGI

Someni Hesabu 27:1-11, Mika 2:1-2 na 9, na Luka 18:1-8.

Katika Hesabu tunawaona binti za Selofehadi wakisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wakidai fungu la urithi wa baba yao ambaye hakuwa na mtoto wa kiume. Musa hakuwafukuza kwa kusema kwamba desturi ndivyo ilivyo. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akasema kwamba wamenena haki. Nabii Mika anawakemea watu wanaotamani mashamba ya wenzao na kuwatoa wanawake katika nyumba zao. Bwana Yesu naye anatueleza habari za mjane aliyemwendea kadhi tena na tena mpaka akapewa haki yake.

Maandiko haya hayazungumzii talaka moja kwa moja. Lakini yanatufundisha kwamba nyumba, shamba na riziki ya mtu asiye na nguvu ni jambo ambalo Mungu analiangalia, na kwamba desturi inaweza kuletwa mbele yake na kupimwa.

NANI MWENYE MAMLAKA YA KUGAWA?

Hapa Tanzania Bara, mambo ya ndoa na talaka yanaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hii inawahusu Wakristo, Waislamu, waliofunga ndoa ya kimila na waliofunga ndoa ya kiserikali. Kwa mujibu wa sheria hii, mwenye mamlaka ya kuvunja ndoa na kuamuru mgawanyo wa mali ni mahakama, kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na si kikao cha ukoo, kamati ya usharika wala mwenyekiti wa kijiji. Vikao hivyo vinaweza kushauri na kusaidia watu wakubaliane, lakini haviwezi kumlazimisha mtu.

Kabla ya kwenda mahakamani kuomba talaka, shauri kwa kawaida hupitia katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza hili huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili na wasiozidi watano. Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo, na hati hiyo ndiyo inayofuatana na maombi ya talaka. Kumbukeni kwamba hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Wapo watu ambao shauri lao limekwama kwa sababu hati ilikaa kabatini mwaka mzima.

Jambo jingine la kuangalia ni hili: sheria inaruhusu jumuiya za dini kuwa na baraza lao la usuluhishi, lakini ni lazima liwe limetambuliwa na Serikali. Barua ya wazee wa kanisa ambao si baraza lililotambuliwa haichukui nafasi ya hati hiyo. Kila usharika uulize kwa mkuu wa jimbo kama baraza letu limetambuliwa. Kama sivyo, wahusika waelekezwe kwenye baraza la kata.

Aidha, palipo na kipigo au vitisho, kamati isilazimishe vikao vya upatanisho vinavyomweka mtu katika hatari. Kwanza usalama. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na afisa ustawi wa jamii yupo katika halmashauri. Sheria yenyewe inatambua kwamba zipo hali za pekee ambazo mtu anaweza kwenda mahakamani bila kupitia barazani, kwa mfano mwenzake akikataa kwa makusudi kuitikia wito wa baraza, au akiwa ametoweka na hajulikani alipo.

MALI IPI INAGAWANYWA?

Si kila kilichomo ndani ya boma kinagawanywa. Sheria ya Ndoa haisemi kwamba mtu akioa au akiolewa basi mali yake yote inakuwa ya wawili. Kila mmoja anaweza kuwa na mali yake binafsi. Kinachogawanywa ni mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Kamati inaweza kutumia mafungu matatu:

Kwanza, mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa nguvu za wote wawili. Hii inagawanywa, hata kama hati ina jina la mmoja. Jina lililopo kwenye hati huleta dhana tu kwamba mali ni ya mwenye jina, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Pili, mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa, lakini mwenzake, au wote wawili, wakaiendeleza kwa kiasi kikubwa. Hii nayo sheria inaihesabu katika mali ya ndoa. Mfano ni nyumba ya miti na udongo iliyojengwa upya kwa matofali, au shamba lililokuwa pori likapandwa kahawa.

Tatu, mali ya mmoja peke yake ambayo mwenzake hakuigusa, na mali ya watu wengine iliyomo tu nyumbani. Ng'ombe wa shangazi aliyewekwa hapo kwa kutunzwa hagawanywi. Fedha za kikundi zinazotunzwa na mama aliye mweka hazina hazigawanywi.

Je, wale ambao hawakufunga ndoa kanisani wala bomani? Katika sharika zetu wapo wengi. Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na wakajulikana kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ikithibitishwa kwamba hawakuwa wanandoa, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu matunzo na mambo mengine kama inavyofanya kwa waliotalikiana. Hivyo basi, mama asiambiwe na mzee wa kanisa kwamba hana haki kwa sababu hakubarikiwa ndoa.

Mahari nayo ichukuliwe kama jambo la peke yake. Kutomaliza mahari hakuifanyi ndoa isiwe halali, na wala fungu la mke halifutwi kwa hoja kwamba mahari ilibaki au inadaiwa.

VIPIMO VYA SHERIA

Kifungu cha 114 cha sheria hiyo ya 1971 kinaielekeza mahakama kuangalia mambo manne:

1. Desturi za jamii ya wahusika.
2. Kiasi cha mchango wa kila mmoja katika kupata mali, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi.
3. Madeni aliyoyachukua yeyote kati yao kwa faida ya wote wawili.
4. Mahitaji ya watoto wadogo wa ndoa hiyo.

Baada ya kuyapima hayo, sheria inaitaka mahakama ielekee kwenye usawa. Angalieni neno hilo "ielekee". Haikuandikwa kwamba ni nusu kwa nusu kila mara. Pia haikuandikwa kwamba mume apate zaidi. Anayetaka zaidi ya nusu aonyeshe mchango wake, na anayetaka kumpa mwenzake kidogo aonyeshe sababu.

Desturi imetajwa, lakini ni kipimo kimoja kati ya vinne. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kutumia au kupata ardhi ni batili. Kwa hiyo mjomba akisimama kwenye kikao na kusema kwamba kwetu mwanamke hapati ardhi, kamati imjibu kwa heshima kwamba sheria ya nchi haikubali.

KAZI YA NYUMBANI NI MCHANGO

Miaka ya nyuma majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana. Wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu tu wa mke, na hakumpi fungu katika mali. Wengine walisema ni mchango. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni juhudi na ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Anayebaki nyumbani kupika, kuteka maji, kuuguza na kulea ndiye anayemwezesha mwenzake kutoka na kutafuta.

Lakini wengi wanaoisimulia hukumu hii huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika rufaa ile. Mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara kwa faida ya familia, naye akazifuja, na mahakama ikaona kwamba fungu lake amekwisha kulipata. Basi somo lina pande mbili. Kazi ya nyumbani inahesabiwa, na mali iliyofujwa nayo inahesabiwa. Hili la pili linawahusu pia waume wanaouza ng'ombe kwa siri na kumaliza fedha kilabuni.

Watu huuliza kama mwenye kosa, kwa mfano mzinzi, ananyimwa fungu. Uzinzi haukutajwa kati ya vile vipimo vinne. Kinachopimwa kwanza ni mchango. Kamati isigeuze mgawanyo wa mali kuwa adhabu ya dhambi. Nidhamu ya kanisa ina utaratibu wake.

MFANO WA KUFANYIA MAZOEZI

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya mafunzo. Mume na mke walioana mwaka 2006 na kutengana mwaka 2022. Wana watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 5. Wanaishi katika kihamba ambacho mume alikabidhiwa na baba yake kabla ya ndoa. Mke hakuwa na ajira. Alitunza ng'ombe, alilima na kuuza ndizi na maziwa. Mume ni fundi ujenzi. Kamati iliwakalisha wote wawili, ikaandika orodha na kukadiria thamani:

- Nyumba ya matofali waliyojenga kihambani: sh. 18,000,000
- Kahawa mpya waliyopanda pamoja: sh. 2,000,000
- Shamba la ekari 2 tambarare, lililonunuliwa 2012, hati ina jina la mume: sh. 8,000,000
- Ng'ombe wa maziwa 2: sh. 3,000,000
- Pikipiki: sh. 2,000,000
- Hisa na akiba za mke katika VICOBA: sh. 1,000,000

Jumla ni sh. 34,000,000.

Madeni ni mawili. Moja ni la SACCOS, sh. 2,000,000, lililochukuliwa kwa ajili ya kuezeka nyumba na ada ya mtoto. Hilo ni la wote, hata kama aliyesaini ni mume. La pili ni sh. 1,500,000 alizokopa mume kwa ajili ya kamari. Hilo ni lake mwenyewe na haliondolewi katika mali ya pamoja. Kwa hiyo mali halisi ni sh. 34,000,000 kutoa 2,000,000, yaani sh. 32,000,000.

Tuseme kwamba baada ya kupima mchango wa kila mmoja, wote wamekubali usawa. Kila mmoja anastahili sh. 16,000,000. Nyumba na kahawa haviwezi kung'olewa kihambani, hivyo vinabaki kwa mume pamoja na pikipiki anayofanyia kazi. Jumla ni sh. 22,000,000, naye atalipa deni la SACCOS, hivyo anabaki na sh. 20,000,000. Mke anachukua shamba la tambarare, ng'ombe wote wawili na akiba yake ya VICOBA. Jumla ni sh. 12,000,000. Ili wawe sawa, mume amlipe mke sh. 4,000,000. Akishindwa kulipa kwa mara moja, waandikishe awamu, tarehe za kulipa na mashahidi.

Tuone sasa mahali ambapo hesabu hii bado haijamaliza kazi. Watoto wakikaa na mama, watalala wapi wakati tambarare hakuna nyumba? Hapa ndipo kipimo cha nne kinaingia. Mahakama inaweza kuona kwamba mahitaji ya watoto yanabadilisha mgawanyo. Wahusika nao wanaweza kukubaliana kwamba mama akae katika nyumba mpaka mume amalize kumlipa, ili apate fedha za kujenga. Kamati ikiishia kwenye hesabu ya shilingi bila kuuliza watoto watalala wapi, haijagawa kwa haki.

Pia msichanganye mgawanyo na matunzo. Fungu la mke si chakula cha watoto. Baba ana wajibu wa kisheria wa kuwatunza watoto wake, yaani chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu, hata kama hawakai kwake. Kuhusu watoto wakae na nani, mahakama hutanguliza ustawi wa mtoto, na kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria inaanza na dhana kwamba ni vema akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo.

TATIZO LA KIHAMBA NA ARDHI YA UKOO

Katika mfano wetu mume alikuwa amekwisha kukabidhiwa kihamba. Ugumu mkubwa hutokea pale ambapo ardhi bado ni ya baba mkwe. Vijana wanaoana, wanaoneshwa mahali pa kujenga, wanajenga kwa jasho lao miaka kumi, lakini hakuna karatasi. Siku ya kutengana baba mkwe anasema ardhi ni yake. Mahakama haiwezi kugawa mali ya mtu ambaye si mwanandoa, na mke hujikuta akidai nyumba ambayo chini yake ni ardhi ya mwingine.

Dawa yake hutafutwa kabla ya msingi kuchimbwa. Mzazi anayempa mtoto mahali pa kujenga aandike, mbele ya ukoo na uongozi wa kijiji, kwamba amempa nani, mipaka ni ipi, na tangu lini. Palipo na hatimiliki za kimila, wanandoa waombe hati yenye majina yote mawili. Hatua hii inawasaidia hata wale wasioachana kamwe. Mjane mwenye jina lake kwenye hati hasumbuliwi kirahisi na mashemeji.

Jueni pia kwamba nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Mtu anayeona dalili za nyumba kuuzwa kwa siri asingoje. Atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa, na aende mahakamani au ofisi ya ardhi kuuliza namna ya kuweka zuio.

MALI ZA MRADI

Mikataba mingi ya miradi huandikwa kwa jina la "mkuu wa kaya", ambaye karibu kila mara ni mume, wakati anayekata majani na kukamua ni mke. Mkataba wa aina hiyo ukifika mahakamani unamwacha mke akitafuta mashahidi kwa jambo ambalo usharika ungeliandika kwa mstari mmoja. Ninazipendekezea kamati mambo haya manne:

1. Mkataba wa mtamba, tanki au mkopo uwe na majina na sahihi za mume na mke.
2. Mkataba ueleze mnyama au kifaa kitakuwa kwa nani wakitengana. Pendekezo langu ni kwamba kikae na yule anayebaki kuwatunza watoto, na thamani yake ihesabiwe katika fungu lake.
3. Ndama anayedaiwa kwa ajili ya familia inayofuata ni deni la wote wawili. Liandikwe katika orodha ya madeni ili kutengana kwa nyumba moja kusizuie nyumba nyingine kupata ng'ombe.
4. Daftari la mradi lionyeshe nani alihudhuria mafunzo, nani alijenga banda na nani alilipa nini. Ikihitajika, daftari hilo litakuwa ushahidi wa mchango wa kila mmoja.

Kwa wafadhili wetu: mnapouliza ni akina mama wangapi wamepokea ng'ombe, ulizeni pia ni mikataba mingapi yenye majina yao. Idadi ya ng'ombe peke yake haiwezi kuwaambia ng'ombe hao watakuwa mikononi mwa nani baada ya miaka kumi.

KAMATI IFANYE NINI?

Kamati inapoombwa kusaidia, ifuate hatua hizi:

Hatua ya 1. Kuhakikisha usalama wa wahusika na watoto.

Hatua ya 2. Kuwaelekeza kwenye baraza lililotambuliwa. Watoa msaada wa kisheria wapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake yamefanya kazi hii kwa miaka mingi.

Hatua ya 3. Kuwasaidia kuandika orodha ya mali na madeni, kila mmoja akiwepo. Katika kila mali waandike ilipatikana mwaka gani, kwa njia gani, na nani anajua.

Hatua ya 4. Kukusanya ushahidi: hati za mauziano, stakabadhi za bati na saruji, daftari la VICOBA, na majina ya mafundi na majirani. Mahakama ya Rufani imesisitiza mara nyingi kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi. Mama anayesema tu "tulichuma wote" bila shahidi anaweza kupata kidogo kuliko anachostahili.

Hatua ya 5. Wakikubaliana, makubaliano yaandikwe, yasainiwe na wote mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na yapelekwe mahakamani pamoja na shauri la talaka. Makubaliano ya mdomo chini ya mgomba hayana nguvu mvua zikishapita.

Hatua ya 6. Wajumbe watunze siri. Mambo ya nyumba ya mtu yasigeuke kuwa tangazo baada ya ibada.

Nashauri pia kwamba katika kila kamati ya namna hii wawepo wanawake wasiopungua wawili, na kwamba mjumbe aliye ndugu wa damu wa mmoja wa wahusika akae pembeni katika shauri hilo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, mwanamke anayeachika kwa kawaida huondoka na nini? Je, hilo linalingana na vile vipimo vinne?
2. Rudieni mfano wetu. Kama mke angekuwa mwalimu mwenye mshahara na mume ndiye aliyekaa nyumbani kulea, mngegawa vipi? Je, mmetumia kipimo kilekile?
3. Ni wanandoa wangapi katika usharika wetu wamejenga katika ardhi isiyo na karatasi? Tuwasaidieje kabla ya mwaka huu kwisha?
4. Mikataba yetu ya mradi ina majina ya nani? Mwenyekiti alete faili, lisomwe kikaoni.

Swali la nne lijibiwe kwa maandishi na kuletwa ofisi ya miradi ya dayosisi kabla ya toleo lijalo. Tunataka mikataba yote mipya iwe na majina mawili, na ile ya zamani irekebishwe kadiri wahusika watakavyoridhia.

Tuendelee kuziombea ndoa zetu zisimame. Na kwa zile zilizoanguka, Mungu atupe ujasiri wa kusimama katika haki bila kupendelea uso wa mtu, ili mtoto asikose mahali pa kulala kwa sababu watu wazima wamekosana.

Mratibu wa Mradi, Ofisi ya Dayosisi